Ukungu Haukufa kwa Baridi, Umelala Chini ya Mti Wako

Swali: Baridi ilikuwa kali na theluji ilikaa wiki nyingi. Je, kigaga kilichoharibu matufaha yangu kimekufa?

Hakijakufa. Jamani, tuache kungoja baridi itufanyie usafi. Kigaga ni ugonjwa wa ukungu, nao hulala ndani ya majani yaliyoanguka, na theluji huyafunika tu. Majira ya kuchipua yakikaribia, okota jani la mwaka jana ulitazame kwenye mwanga: utaona vitone vyeusi, vidogo mno. Hivyo ni vifuko vya viini vya ukungu. Mvua ikivilowesha, vinarusha viini hewani, na upepo unavipeleka kwenye majani machanga ya mti uleule. Fagia majani hayo, au yasage kwa mashine ya kukatia nyasi, minyoo wamalizie. Mwenye miti mingi apulizie majani mbolea ya yurea, yenye nitrojeni, kilo 5 kwa lita 100 za maji, majani yakikaribia kwisha kuanguka. Asiwahi sana: nitrojeni ikiingia mapema, mti hauingii baridini ukiwa tayari. Na msikimbilie kununua dawa kabla hamjashika reki.

Swali: Majani ya mpichi wangu yamejikunja, yamevimba na kuwa mekundu. Nipulizie nini sasa?

Usipulizie kitu, umechelewa. Swali hili naletewa kila mwaka, na kila mwaka linaletwa majani yakiwa tayari yamejikunja! Viini vya ukungu huo vilikaa kwenye gome na kwenye magamba ya vitumba kipindi chote cha baridi. Dawa ya shaba hupigwa majani yakishaanguka, au kabla vitumba havijaanza kuvimba. Andika tarehe ukutani.

Swali: Plamu zilizokauka zimebaki mtini. Niwaachie ndege?

Hapana. Ni ghala la ugonjwa. Ziminye: ngumu kama kokoto, na kikonyo kimeng'ang'ania tawi kwa sababu mara nyingi kuoza kumeshaingia kwenye tawi lenyewe. Kata pamoja na kidonda, chini yake, penye mti mzima. Halafu usizitupe pale pale. Zikifukiwa nusu na udongo zinaweza kuotesha viuyoga vya umbo la kikombe, na maua ndiyo yatakayoumia kwanza. Zichome au uzifukie kabisa.

Swali: Ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, nao hulala kwenye majani?

Kwenye mtufaha hulala ndani ya vitumba. Ncha za matawi zenye rangi ya fedha, zipogoe.

Swali: Nimefagia kila jani, lakini madoa ya kutu ya rangi ya chungwa yamerudi kwenye mtufaha.

Umefanya vizuri, ila kutu hiyo hailali kwenye majani ya mtufaha. Hulala kwenye mireteni, miti ya jamii ya misonobari na mierezi, ndani ya uvimbe wa kahawia ulioshika vijitawi. Mvua za majira ya kuchipua zikinyesha, uvimbe huo hutoa pembe laini za rangi ya chungwa, zenye utelezi, na viini vinasafiri kutoka hapo. Kagua mireteni ya karibu, hata ya jirani kwa ruhusa yake, na uukate uvimbe kabla ya mvua hizo.