Akikamatwa mwenye mtandao, meseji zetu ziko mikononi mwa nani?

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Ninauza dagaa katika mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, na pamoja na wanawake wenzangu tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Mwaka jana tulihamishia mazungumzo yetu Telegram, kwa sababu kijana aliyetusaidia alisema mwenye mtandao huo haamriwi na serikali yoyote. Humo tunaandika bei za mzigo unaotoka Ukerewe na Goziba, michango yetu, na siku nyingine manung'uniko yetu juu ya ushuru. Sasa mwanangu ananiambia kwamba mtu huyo alikamatwa Ufaransa na mambo yakabadilika. Je, ni kweli? Na maneno yetu, nani anaweza kuyasoma?
*Mama wa dagaa, Kirumba*

JIBU: Mama yangu, alichokuambia mwanao ni kweli, na alichosema yule kijana nacho kilikuwa na ukweli wake wa zamani.

Mwenye Telegram ni Pavel Durov, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1984. Kabla ya Telegram alianzisha mtandao wa VKontakte nchini kwao, na wakati wa maandamano ya Ukraine ya 2013 na 2014, idara ya usalama ya Urusi ilimtaka atoe taarifa za watu waliokuwa wakiendesha makundi ya waandamanaji humo. Alikataa, akapoteza uongozi wa kampuni, na mwezi Aprili 2014 akaondoka nchini. Telegram, ambayo alikuwa ameshaianzisha mwaka 2013 pamoja na kaka yake Nikolai, ilibeba sifa hiyo ya ukaidi kila ilikokwenda, hasa baada ya Urusi kuifungia mwaka 2018 na kuifungulia miaka miwili baadaye.

Kisha tarehe 24 Agosti 2024 ndege yake ikatua Le Bourget, karibu na Paris, naye akakamatwa. Siku nne baadaye aliwekwa rasmi chini ya uchunguzi, akatakiwa dhamana ya euro milioni 5, kuripoti polisi mara mbili kwa wiki na kutotoka Ufaransa. Miongoni mwa tuhuma ni kwamba mtandao wake uliachwa utumike kusambaza picha za unyanyasaji wa watoto na kuuza dawa za kulevya, na kwamba haukuwapa wapelelezi taarifa walizoziomba kisheria. Yeye amekana kosa, na Machi 2025 aliruhusiwa kwenda Dubai. Lakini jambo linalokuhusu wewe lilitokea kati ya tarehe hizo: Septemba 2024 Telegram ilibadili masharti yake, ikasema kwamba namba ya simu na anwani ya IP (namba inayotambulisha mahali alipoingilia mtandaoni) ya mtu anayevunja kanuni zake zinaweza kukabidhiwa kwa mamlaka zinazoleta ombi halali. Awali iliahidi kufanya hivyo kwa washukiwa wa ugaidi tu.

Sitaki usome habari hii kana kwamba kila shinikizo la serikali ni uonevu. Mimi ni mzazi, na anayefuatilia picha za watoto wanaodhalilishwa ninamtakia heri, awe polisi wa Paris au wa Nyamagana. Ubaya ni kwamba mlango unaofunguliwa kwa ajili ya mhalifu ndio huohuo ambao kesho mtu mwingine atataka kuupita ili amjue aliyelalamikia ushuru. Sisi tumeshaliona hilo nyumbani. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa sababu polisi walitaka taarifa za waliokuwa wakiandika humo naye hakuzitoa. Alipanda na kushuka ngazi za mahakama kwa miaka. Ninamheshimu sana kwa hilo, lakini fikiria maana yake: kufuli lililowalinda wale waandishi lilikuwa mtu, mwenye mwili unaoweza kulazwa mahabusu na familia inayomsubiri nyumbani.

Ndiyo maana naona kijana wenu alikosea mahali pa kutazama. Alitazama moyo wa mwenye mtandao, badala ya kutazama nani ana ufunguo.

Chukua stoo za hapo mwaloni. Ukilaza magunia yako kwa mwenye stoo aliyefunga kwa kufuli lake, mzigo uko salama mradi yeye akatae kufungua, akibanwa, anafungua. Ukiruhusiwa kufunga kwa kufuli lako na ufunguo ukaenda nao nyumbani, hata akibanwa hana cha kutoa, ingawa mlinzi wa getini bado anajua uliingia saa ngapi na nani alikufuata. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram, na makundi yote ya Telegram, ni stoo ya aina ya kwanza: yanahifadhiwa katika seva, yaani kompyuta za kampuni, na funguo zinashikwa na kampuni. Ni yale yanayoitwa mazungumzo ya siri tu, ya watu wawili, ambayo funguo zake hubaki katika simu zenu, nayo lazima uyafungue mwenyewe kwa makusudi. Kikundi chenu hakiwezi kutumia njia hiyo.

WhatsApp ni stoo ya aina ya pili tangu Aprili 2016, makundi yakiwemo. Mwezi mmoja kabla ya hapo polisi wa Brazil walimkamata Diego Dzodan, mmoja wa wakuu wa Facebook, kampuni inayoimiliki WhatsApp na ambayo sasa inaitwa Meta, kwa sababu mahakama ilitaka meseji za watu waliotuhumiwa kuuza dawa za kulevya. Alilala rumande, akaachiwa siku iliyofuata. Kampuni ilisema haiwezi kutoa kitu isichokuwa nacho. Hata hivyo mlinzi wa getini yupo: WhatsApp inaweza kujua nani anawasiliana na nani na lini. Tena nakala rudufu ya meseji ukiipeleka Google bila kuiwekea nywila, umeacha ufunguo wa akiba juu ya meza. Nenda kwenye mipangilio ya mazungumzo, fungua sehemu ya nakala rudufu, uwashe ulinzi wake, na nywila uiandike mahali usipoweza kuipoteza.

Kwa hiyo, bei za dagaa ziacheni Telegram kama kundi linawafaa, maana hata anayepita mwaloni asubuhi anazisikia zikitangazwa. Michango, majina na manung'uniko vihamishieni mahali penye kufuli lenu. Na kumbukeni kwamba hakuna kufuli linalomzuia mwanakikundi kupiga picha ya kioo cha simu na kumtumia jirani.

SWALI: Nina ndugu Uganda ambao siwapati Facebook bila wao kuhangaika na VPN, ile programu ya kupitia njia ya pembeni kukwepa kizuizi cha mtandao. Inakuwaje kampuni kubwa hivyo ishindwe na serikali moja?
*Mfanyabiashara, Bukoba*

JIBU: Ndugu yangu, kampuni iko mbali, lakini njia ya kuifikia iko hapa. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifunga akaunti ilizosema zilihusiana na wizara moja ya serikali ya Uganda na zilitumika kuwapotosha watu. Serikali ikajibu kwa kuzuia mitandao ya kijamii yote. Mingine ikafunguliwa mwezi uliofuata, Facebook ikaachwa imefungwa kwa miaka. Haikuhitajika kumkamata Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook. Makampuni ya simu yana leseni ya nchi, na yakiambiwa yazuie, yanazuia. X (zamani Twitter) ilipozuiwa hapa Tanzania Mei 2025, na intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, ilikuwa njia hiyohiyo.

Ninalolichukia katika njia hii ni kwamba ugomvi ni wa wakubwa wawili, na anayenyamazishwa ni wewe na ndugu zako wa Uganda ambao hamkushtakiwa kwa lolote. VPN nayo ina masharti: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kwamba wanaoitumia wajisajili, kwa hiyo usiitegemee bila kujua sheria inasemaje. Wakati intaneti ipo, mwombe kila ndugu namba yake ya simu ya kawaida, na uziandike katika daftari la dukani, si katika simu pekee.