Fundi akisema "tutoe masega", mwambie apime kwanza

Mkuu, usimpe huyo fundi ufunguo. Umeuliza kama utoe masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi (catalytic converter), ya Toyota IST yako kwa kuwa taa ya injini inawaka na gari limekuwa zito. Masega hayo ndiyo yaliyoniumiza.

Mimi nilikubali. Fundi alilala chini ya gari dakika mbili, akatoka anafuta mikono, akasema yameziba. Hakupima chochote. Akakata bomba, akachomoa lile tofali la kijivu lenye vitundu kama sega la nyuki, akachomelea bomba tupu na kunipa laki na nusu. Nikamshukuru! Kumbe mle ndani kuna madini ghali, platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndiyo aliyokuwa anayatafuta. Gari langu hakulijali hata kidogo.

Wiki ya tatu tunakwenda Morogoro, vioo juu, AC inapuliza. Kufika Chalinze binti yangu wa miaka 6 analia kichwa. Mdogo wake kalala, nikimwita anafumbua jicho na kulifumba tena. Nikaegesha, nikafungua milango yote, nikamtoa nje nimembeba. Alitapika begani kwangu. Weldi ilikuwa imepasuka, moshi unapandia kwenye tundu la sakafu lililokosa kizibo cha mpira. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Masega yangekuwepo, sehemu kubwa ingegeuzwa kaboni dayoksaidi kabla haijafika kwenye ule ufa. Mimi nilikuwa nimeyauza.

Na taa haikuzimika! Fundi mwingine alichomeka mashine ya kusoma hitilafu: koili, inayopeleka umeme kwenye plagi, ya silinda ya 2 imekufa, gari linamisi, yaani silinda hiyo haichomi petroli. Petroli isiyoungua ilikuwa inakwenda kuwakia ndani ya masega. Ugonjwa uko juu, yule mwizi amekata chini. Ndiyo, namwita mwizi. Kila gari analolifanyia hivyo linamwaga oksidi za naitrojeni kwenye vifua vya watu wanaosubiri daladala, wenye pumu wakiwemo.

Kwa hiyo mashine kwanza, mkuu. Kagua plagi na koili. Uzito ukibaki, afungue sensa ya oksijeni ya juu, iliyo kabla ya masega, apime msukumo wa moshi pale, na wewe uione geji kwa macho yako. Akikataa, ondoka na gari lako.