Maswali na majibu: sarafu mpya na vibao visivyoeleweka

Tangu Zambia ilipotoa noti na sarafu mpya mwaka 2025, na kwacha 2 na kwacha 5 zikaacha kuwa karatasi zikawa chuma, wasomaji wetu wa Lubumbashi wanaovuka Kasumbalesa kwa kazi zao wamekuwa wakituuliza mengi kuhusu sarafu. Wengine, ambao hawavuki mpaka wowote, wanauliza kuhusu vibao vya barabarani na maandishi ya ukutani. Nimeyajibu pamoja, kwa kuwa sarafu na kibao huhukumiwa na mtu yule yule: mwenye haraka, ambaye hakuwapo wakati vilipokuwa vinachorwa.

Swali: Kwa nini sarafu mpya ikitoka watu huitukana siku ya kwanza, kisha baada ya mwaka mmoja hakuna anayeikumbuka hasira hiyo? (Mwalimu wa sekondari, Kamalondo)

Jibu: Mwalimu, hasira hizo hazifanani, ndiyo maana nyingine hufa na nyingine hukaa. Uingereza ilibadilisha sarafu zake mwaka 2008 baada ya mashindano ya wazi yaliyoshindwa na kijana mmoja wa Wales, Matthew Dent. Aliichukua ngao ya kifalme akaigawa vipande, kila sarafu kuanzia peni 1 hadi peni 50 ikapata kipande chake, na ile ya pauni 1 ikabeba ngao nzima, hata mtu akizipanga sarafu sita ndogo mezani kwa utaratibu unaotakiwa, ngao inakamilika mbele yake. Ni kazi ya akili, nami naipenda mpaka leo. Lakini wapo waliosikitika kwamba Britannia, yule mwanamke mwenye mkuki wa ncha tatu, ameondolewa kwenye peni 50. Wapo Wawelisi walioona kwamba simba wa England wamo, simba wa Scotland yumo na kinubi cha Ireland kimo, ila wao hawamo. Na wapo waliosema tu kwamba sarafu hizo hazina tarakimu hata moja, thamani imeandikwa kwa maneno madogo ya Kiingereza, na mgeni anayetoka uwanja wa ndege ataijuaje.

Lalamiko la kwanza lilipoa, na Britannia mwenyewe alirudishwa mwaka 2015 kwenye sarafu ya pauni 2. La pili halikumhusu mchoraji, maana ngao yenyewe ilikuwa na sura hiyo tangu mwaka 1837. La tatu, ambalo lilionekana dogo kuliko yote, ndilo lililoshinda: sarafu za Mfalme Charles III, zilizotangazwa Oktoba 2023, zina tarakimu kubwa zinazoonekana hata na mtoto anayejifunza kuhesabu. Imechukua miaka 15. Kwa hiyo ukisikia watu wanailaani sarafu mpya, usiulize wamekasirika kiasi gani, bali uliza kama wanalalamikia sura yake au matumizi yake. Sura huzoeleka, usumbufu hauzoeleki.

Swali: Je, ni vizuri kuweka uso wa kiongozi kwenye sarafu? (Mama mfanyabiashara, soko la Kenya)

Jibu: Mama, ile Kenya nyingine, iliyo nchi, iliamua kwamba si vizuri. Katiba yake ya mwaka 2010, kifungu cha 231, inakataza noti na sarafu kubeba picha ya mtu yeyote, na sarafu zilizozinduliwa tarehe 11 Desemba 2018 zikapewa twiga kwa shilingi 1, kifaru kwa 5, simba kwa 10 na tembo kwa 20. Sisi tuliwahi kuwa na Mobutu kwenye makuta 5 ya mwaka 1967 na kwenye sarafu nyingine zilizofuata, na kila mwenye umri wa kutosha anajua zilipoishia. Mnyama hapinduliwi.

Swali: Baba mwandishi, nikiwa Zambia usiku mkono wangu unachanganya sarafu mfukoni. Kosa ni langu au ni la waliozitengeneza? (Dereva wa lori, Kasumbalesa)

Jibu: Mpe mkono wako muda kidogo kwanza, kwa sababu sarafu ngeni huhitaji kuzoewa hata kama imetengenezwa vizuri. Lakini ukiona baada ya miezi kadhaa bado unachanganya, na wenzako vilevile, basi kosa si lenu.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1979 ilitoa sarafu ya dola 1 yenye uso wa Susan B. Anthony, aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Ilikuwa na upana wa milimita 26.5, wakati sarafu ya senti 25 iliyokuwa imejaa mifukoni ina milimita 24.3, zote mbili zilikuwa na rangi ya fedha, na zote mbili zilikuwa na mikwaruzo ukingoni. Wachoraji walikuwa wametaka iwe na pande kumi na moja ili kidole kiitambue, lakini mashine za kuuzia vitu zingeikataa, ikabidi iwe mviringo, na zile pembe kumi na moja zikabaki kama pambo ndani ya ukingo, mahali ambapo hazimsaidii mtu yeyote. Watu walitoa dola wakidhani wametoa robo yake. Utengenezaji ulisimama mwaka 1981, na sarafu nyingi zikabaki ghalani.

Waliotengeneza yuro walikuwa makini zaidi. Senti 20 ya yuro ina mikato saba kuzunguka ukingo wake, na sarafu nyingine zina kingo zinazotofautiana, ili asiyeona aweze kuzitenganisha kwa kugusa. Kuliko kuuliza wenye macho kama sarafu inapendeza, ni afadhali kumkabidhi kipofu kwanza, kwa kuwa linalomfaa yeye litakufaa nawe usiku katika kibanda cha lori. Na tusidhani kwamba wazo la kutofautisha kwa umbo ni geni kwetu: faranga 2 ya Kongo ya Wabelgiji ya mwaka 1943, yenye tembo, ilikuwa na pembe sita, na ilitengenezwa Philadelphia kwa sababu Ubelgiji wenyewe ulikuwa mikononi mwa Wajerumani. Ukipata mzee anayeihifadhi, fumba macho uishike.

Swali: Inakuwaje kosa la maandishi lipite machoni pa wataalamu wote mpaka lifike sokoni? Na je, sarafu yenye kosa ni mali? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Jibu: Hupita kwa sababu wanaokagua wanajua tayari kilichokusudiwa kuandikwa, na macho yao husoma nia badala ya herufi. Chile ilitoa sarafu za peso 50 za mwaka 2008 ambazo jina la nchi lilikuwa limeandikwa CHIIE; zilitumika madukani muda mrefu kabla ya mtu kuona, na mkuu wa kiwanda cha sarafu akapoteza kazi. Ireland, mwaka 2013, ilitoa sarafu ya fedha ya kumkumbuka mwandishi James Joyce, na sentensi yake ikachongwa ikiwa na neno moja la ziada. Noti ya dola 50 ya Australia iliyotoka mwaka 2018 ina maandishi madogo mno ya hotuba ya Edith Cowan, na ndani yake neno moja limekosa herufi. Noti zipatazo milioni 46 zilikuwa zimekwisha chapwa kabla ya msikilizaji mmoja wa redio kulileta jambo hilo hadharani mwaka 2019. Angalia kwamba katika hadithi hizi raia wa kawaida ndiye anayefanya kazi ya msahihishaji, tena bila malipo na baada ya gharama kuingia. Angeitwa mapema angefanya kazi ile ile kwa bei ya kikombe cha chai.

Kuhusu mali, punguza matumaini. Uingereza katika kubadilisha sarafu ilichanganya pande mbili za peni 20, ikatoka bila mwaka upande wowote, na wakusanyaji walilipa mara nyingi zaidi ya thamani yake. Lakini kosa huwa mali likiwa adimu na likithibitishwa na kiwanda. Sarafu iliyogongwa kwa nyundo na fundi wa mtaani haiwi adimu, imeharibika tu.

Swali: Nchi yetu ina shaba tele. Kwa nini hatuna sarafu, tunabaki na noti zilizochakaa? (Mstaafu wa migodi, Katuba)

Jibu: Baba, shaba haijawahi kuwa tatizo. Misalaba ya shaba ya Katanga ilitumika kama fedha kabla ya ukoloni, na Katanga ilipojitenga ilitoa mwaka 1961 sarafu za faranga 1 na faranga 5 zenye msalaba huo upande mmoja na ndizi upande wa pili. Kilichokosekana ni thamani inayokaa. Sarafu hutengenezwa ili idumu miaka ishirini au zaidi, na gharama yake huwa na maana ikiwa baada ya muda huo bado inanunua kitu.

Zaire ilitoa sarafu ya zaire 10 mwaka 1988. Miaka mitano haikupita, ikawapo noti ya zaire milioni 5. Sarafu ile iligeuka kipande cha chuma tu. Noti hiyo ya milioni 5 ndiyo mfano mzito kuliko yote wa fedha mpya kukataliwa na watu: Januari 1993 wafanyabiashara wa Kinshasa hawakuipokea, Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi alikuwa ameitangaza kuwa si halali, wanajeshi waliokuwa wamelipwa kwa noti hizo wakaasi, na watu wengi wakauawa, akiwemo balozi wa Ufaransa. Baadaye mwaka huo huo zaire mpya ilipotoka, Kasai iliikataa ikaendelea na noti za zamani. Hapo hakuna aliyekuwa akilalamikia mchoro.

Faranga ya sasa ilianza mwaka 1998, wakati dola 1 ilikuwa haifiki faranga 2, na ilikuwa na noti hadi za senti. Leo dola inahesabiwa kwa maelfu ya faranga, na noti ya faranga 1, ile yenye kiwanda cha Gécamines upande mmoja na Lumumba na wenzake waliokamatwa upande wa pili, haionekani tena sokoni. Ningeshauri sarafu kwa faranga 100 na 200, ambazo ndizo zinazochakaa zaidi kwa wauza maji na kwenye magari ya abiria, lakini baada ya bei kutulia kwa miaka kadhaa, si kabla. Marekani yenyewe iliacha mwaka 2025 kutengeneza senti 1 kwa matumizi, kwa kuwa kila moja iligharimu zaidi ya senti 3.

Swali: Mimi huandika vibao. Mteja akiniletea maneno mabaya, nimrekebishie au niandike kama alivyoleta? (Fundi rangi, Kampemba)

Jibu: Mrekebishie, fundi, na umwonyeshe kwa penseli kabla ya kufungua kopo la rangi. Mwaka 2008 huko Swansea, Wales, ambako vibao huandikwa kwa lugha mbili, ofisi ilituma kwa barua pepe maneno ya kuzuia malori makubwa ili yatafsiriwe. Jibu lilirudi mara moja kwa Kiwelisi, wakalipeleka kwa fundi, na kibao kikasimamishwa barabarani. Maneno yake yalikuwa yakisema kwamba mtafsiri hayupo ofisini kwa sasa na kazi itumwe. Lilikuwa jibu la mashine tu. Miaka miwili kabla, Cardiff, kibao cha waenda kwa miguu kiliwaambia wasomaji wa Kiingereza watazame kulia na wasomaji wa Kiwelisi watazame kushoto. Hicho hakichekeshi. Fikiria mtu wetu anayetoka Kasumbalesa, ambako kwetu magari hupita kulia na Zambia hupita kushoto, akisoma kibao kama hicho.

Usimwulize mteja kama ameelewa kibao chake, maana yeye ndiye aliyekitunga. Msimamishe mpita njia, mwonyeshe maneno, umwulize: “Ukikuta hiki, utafanya nini?” Akisita, andika upya. Lile katazo la kukojoa linalojaza kuta za mji wetu mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa kirefu, na tishio la faini isiyotajwa kiasi, kwa herufi zinazosomeka tu na mtu ambaye amekwisha simama hapo kwa shughuli hiyo. Andika kwa Kiswahili, “Usikojoe hapa,” weka kiasi cha faini kama kweli ipo, na ukijua kilipo choo cha karibu chora mshale. Mshale ule utafanya kazi kuliko tishio.

Swali: Nimeandika ukutani “Lupango hii haiuzwi” (yaani kiwanja hiki) pamoja na namba yangu ya simu, na bado watu wanapiga kuuliza bei. (Mjane, Ruashi)

Jibu: Mama, pole. Mpita njia anaona neno la kuuza na namba, hasomi kilichobaki. Futa namba leo. Maneno yenyewe unaweza kuyaacha, kwa kuwa matapeli wanaouza viwanja vya watu hutafuta kuta zisizo na maandishi, lakini ujue kwamba kibao humtahadharisha mnunuzi tu. Kinachokulinda ni cheti cha kuandikishwa kwa mhifadhi wa hati za ardhi, ambacho sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inakitambua kuwa uthibitisho wa haki yako. Kama bado kina jina la marehemu mume wako, anza huko kabla ya kumwita fundi rangi.