Dogo, inua haro kwanza

Jumanne nilikuwa natoka Magu kurudi Kisesa. Mvua ya alfajiri haijakauka hata kwenye majani, na katikati ya mbuga, huu udongo mweusi wa mfinyanzi, dogo mmoja wa trekta anapiga haro, zile diski za kuvunja mabonge, juu ya mitaro ya tairi aliyoichimba mwenyewe jana yake. Utingo kakaa kwenye fenda anachezea simu. Nikasimamisha pikipiki, nikapiga mluzi, hakusikia. Nimeondoka na hasira, na hasira hizo ndizo zinaandika hapa. Sikumlaani lakini. Yule ni mimi wa zamani, tofauti tu ni kwamba mimi sikuwa na utingo.

1. Siku ya kuingia shambani inasemwa na udongo, si na bosi. Chota wa kina cha plau, maana wa juu jua la saa nne linaukausha na kukudanganya. Usokote kiganjani kama utambi. Ukifika wembamba wa njiti ya kiberiti bila kukatika, rudi nyumbani. Ukimeguka-meguka, ingia. Na ile luseni, kichanga cha juu kilimani, isiwazuge. Unaweza kupita juu mchana wa siku ya mvua, ukishuka kidogo tu kwenye mbuga umezama hadi ekseli. Mwenye shamba atakuambia "pamekauka" huku yeye kasimama kwenye kichanga.

2. Ukianza kuzama, simama. Nasema simama, wewe unakanyaga mafuta! Tairi inayozunguka bure ni jembe la kuchimbia kaburi lako. Inua plau, rudi nyuma kwa njia uliyoingilia. Difu loku, ile ya kufunga tairi za nyuma zizunguke pamoja, ni ya kwenda moja kwa moja, iachie kabla hujakata kona. Ukivutwa, mnyororo ufungwe chini kabisa kwenye droba, chuma cha kuvutia tela, kamwe si kwenye toplinki, ule mkono wa juu unaoshika plau. Na lile gogo mnalopenda kufunga kwenye tairi za nyuma liacheni liwe kuni. Tairi ikigoma kuzunguka, trekta ndilo linalozunguka: pua inapanda juu na kumlalia dereva, na mguu wako hautawahi klachi. Hapo sitanii.

3. Usizibe mtaro ukiwa mbichi. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu nililipwa kuku.

Ilikuwa mwezi wa tano, ekari tatu za majaruba ya mama mmoja, si mbali na mto Simiyu. Mpunga umevunwa, magunia yamepangwa shambani, mimi nimeitwa na tela. Usiku ikapiga mvua ya ziwani. Asubuhi nikaingia na tela tupu, likapita vizuri kabisa, nikajiona fundi. Kutoka na magunia arobaini ndipo nilipojua mimi ni nani. Nilitoka, ndiyo, ila nyuma nimeacha mitaro miwili ya kufika nusu ya muundi, kingo za majaruba zimekatwa kama mkate. Mama akaangalia, akauliza swali moja tu: "Na dengu, mwanangu?" Alikuwa apande wiki hiyo hiyo, unyevu usimkimbie.

Nikaogopa jina langu kuharibika. Siku ya tatu nikarudi na haro, bure, maji bado yametuama ndani ya mitaro. Nikasukumia lile tope la pembeni ndani, nikapita mara nne. Pakalala sawa kama ugali uliopigwa mwiko. Mama akanishukuru, "Wabeja," akanifungia kuku. Nikampokea. Nikamla siku hiyo hiyo.

Mwezi wa saba akaniita. Shamba zima dengu ni kijani, isipokuwa mistari miwili ya njano, mimea mifupi kama imekatwa, upana sawasawa na tairi zangu. Hata pale nilipokata kona, mstari umekata kona. Nilikuwa nimeweka saini. Hakugomba, na afadhali angegomba. Aling'oa mche mmoja akanipa mkononi: mzizi umeshuka vidole vinne, halafu umepinda na kutambaa pembeni. Tukachimba. Chini yake kuna bamba la udongo linang'aa, rangi ya kijivu, linanuka kama dimbwi. Ndilo nililolipika mimi kwa zile safari nne za haro.

Mpunga usingenisema, maana mpunga hauna ugomvi na udongo ulioshindiliwa. Lakini nao ulinitaja baadaye. Msimu uliofuata kingo nilizozisukuma zikiwa tope zilivuja pale pale, jaruba linajazwa jioni, alfajiri ni tupu. Mama wa watu alizibandika kwa jembe la mkono Januari nzima, na mimi napita barabarani nikijifanya naangalia upande wa ziwa.

4. Kuziba kwenyewe sasa. Kwanza toa maji: kata mfereji mdogo kwa jembe la mkono kuanzia pale mtaro unapoinama zaidi. Kisha subiri. Piga teke tope la pembeni. Likivunjika chenga, lirudishe kwa haro, diski zisikate kwa nguvu, na pita kwa mshazari, kwani ukifuata mtaro tairi itatumbukia humo humo. Mtaro wa vidole vinne umeishia hapo, mbuga ikipasuka kiangazi itamalizia yenyewe. Wenye kina ni wa ripa, chuma chenye meno marefu ya kupasua chini, mwezi wa nane, udongo ukiwa mkavu hadi chini upate kuvunjika. Ukiwa mbichi jino linapita kama kisu kwenye sabuni, na nyuma yake panafunga. Choma udongo kwa nondo ujue bamba liko wapi, jino lipite chini yake kidogo. Kingo ni kazi ya jembe la mkono, trekta lisiguse.

5. Punguzeni upepo wa tairi, mnaingia mbugani na upepo wa lami. Tela libaki ukingoni, magunia yatoke kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ikibidi kuingia, chagua njia moja uirudie, mpito wa kwanza ndio unaoumiza udongo zaidi.

6. Mama yule nilimrudia Agosti ya mwaka wa pili. Ripa ilikuwa ya meno mawili, trekta likashindwa, nikang'oa moja nikaenda na lililobaki, siku nzima vumbi mpaka kwenye meno. Jioni nikamwambia, "Mayu, leo hakuna malipo." Akasema hilo analijua. Yeye alikuwa anasubiri kuku wake.