Kwa mwenye sikoseli anayeingia chuo Dar mwaka huu

Mdogo wangu uliyepangiwa chuo Dar es Salaam na unafungasha kadi ya kliniki pamoja na vyeti vya fomu siksi, haya ni ya kwako. Nimesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikiwa na sikoseli, huu ugonjwa wetu wa damu wa kurithi, na nikamaliza. Kila msimu wa udahili wazazi wananiuliza swali lile lile: ataweza? Ataweza, ila siyo kwa kujikaza. Kujikaza ndiko kunakotupeleka wodini wiki ya mitihani. Kinachosaidia ni kumaliza kazi zote za ugonjwa siku ambazo huumwi: barua, bima, kliniki, watu, nauli. Siku maumivu yakikukamata huna akili ya kutafuta muhuri wa mtu.

Anza kabla hujapanda basi. Wengi wetu tumelelewa na kliniki moja tangu utotoni. Mimi ni mtoto wa Kanda ya Ziwa, kwa hiyo yangu ilikuwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Pale nesi anakujua kwa jina, na mama ndiye anayejibu maswali yote. Ukifika Dar wewe ni mgeni, mtu mzima, na mama yuko Sengerema. Omba barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri: aina ya sikoseli uliyo nayo, dawa na dozi zake, umeongezewa damu mara ngapi na kama iliwahi kukukataa, dawa zinazokudhuru, na wingi wa damu (HB) wako wa siku za kawaida. Hiyo ya mwisho usiiache. Chembe nyekundu za mtu mwingine huishi siku kama 120. Zetu huishi 10 hadi 20 tu, ndiyo maana wengi wetu tunatembea na HB ya 7 au 8 na tunacheka. Daktari asiyekujua akiona 7 anaweza kukimbilia kukutundikia damu usiyoihitaji. Akiona kwenye barua kwamba 7 ndiyo kawaida yako, ataangalia kinachokuumiza kwanza.

Ukishapata chumba, wiki ile ile nenda ukafungue faili kwenye kliniki ya sikoseli Muhimbili au hospitali nyingine utakayoelekezwa. Usisubiri uumwe ndipo ufungue faili. Ukijisajili mzima unakaa kwenye benchi na simu yako. Ukijisajili unaumwa, unakaa kwenye benchi lile lile huku unalia.

Bima: enzi zangu wanafunzi tulilipa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, shilingi 50,400 kwa mwaka, na ilikuwa pesa iliyotumika vizuri kuliko zote nilizolipa pale chuoni. Uliza ya sasa ni kiasi gani, kadi inatoka lini, na muhimu zaidi, kama dawa yako imo kwenye kitita na inapatikana kwenye dirisha lipi. Kadi hukawia. Njoo na dawa za miezi ya mwanzo kutoka nyumbani.

Sasa chumba. Ukipata nafasi hosteli ya Mabibo au hosteli za ndani ya chuo, peleka nakala ya barua ya daktari kwa mshauri wa wanafunzi na uombe mambo mawili: chumba cha chini na kitanda cha chini. Kupanda ghorofa ya nne na ndoo ya maji siku bomba limekata ni kazi ya kutosha kukuangusha. Na kuhusu kubebana, najua maisha ya chuo yalivyo na najua rafiki aliyekosa chumba anavyotia huruma, lakini wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu hamlali, na usingizi kwako ni dawa. Huyo kataa bila aibu.

Watu wa kuambiwa ni wachache: rumeti (mwenzako wa chumba), CR (kiongozi wa darasa), na mhadhiri mmoja au mshauri wa wanafunzi. Darasa zima la nini? Ukilitangazia, nusu watakuonea huruma na nusu watakwambia walivyokuwa na binamu mwenye sikoseli aliyefariki. Rumeti yeye lazima ajue, na ajue kwa vitendo. Wangu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa kuoga maji ya baridi saa kumi na moja alfajiri huku anaimba mapambio, tulikuwa hatufanani kwa lolote. Nilimkalisha chini nikamwonyesha: bahasha ya kaki iko hapa chini ya godoro, ndani mna kadi ya kliniki, kadi ya bima, barua ya daktari na noti za nauli. Namba ya kaka yangu imeandikwa mgongoni mwa bahasha kwa kalamu nene ya kuandikia mabango. Nikamwambia nikisema “nipe maji” ni kawaida, nikinyamaza nikakunja magoti ukutani ndiyo ameitwa.

Usiku wa maumivu ulipofika hakuuliza kitu. Aliwasha taa, akanivalisha sweta lake juu ya langu, akachukua bahasha, akateremka kuita bajaji. Njiani akawa anamwambia dereva “taratibu kaka, kwenye tuta taratibu,” maana kila tuta la barabarani nilikuwa nalisikia kwenye nyonga. Pale mapokezi ndiye aliyesema kila kitu, mpaka dozi ya dawa zangu. Mimi nilikuwa siwezi hata kutaja jina la baba.

Kuna jambo la mapokezi ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Sisi tumeumwa miaka mingi, tunajua dawa ya maumivu ipi inafanya kazi na ipi ni kupoteza muda. Kijana wa miaka 21, macho ya njano, anayetaja kwa jina dawa kali anayotaka achomwe, mbele ya daktari aliyechoka saa nane usiku anaonekana teja. Imewahi kunitokea katika hospitali moja, nikaachwa na panadoli mpaka asubuhi, na hasira zake ninazo hadi leo. Hasira hazikusaidii usiku ule, barua ndiyo inakusaidia. Muombe daktari wa kliniki aandike mpango wa maumivu yako hatua kwa hatua, dawa na dozi, asaini na kupiga muhuri. Usitaje dawa kwa mdomo, toa karatasi.

Na jua yapi si ya kusubiri asubuhi. Homa ya nyuzi 38 kwenda juu: wengi wetu bandama lilishaacha kufanya kazi tangu utotoni, na maambukizi madogo hugeuka makubwa kwa saa chache, kwa hiyo usinunue dawa dukani ukalala. Maumivu ya kifua pamoja na kukosa pumzi. Kichwa kuuma ghafla na vibaya, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu. Kwa wavulana, uume kusimama wenyewe kwa maumivu bila kulegea: ukikaa hivyo kwa muda wa saa nne unaweza kuharibika kabisa, na vijana wanaona aibu wanajifungia chooni na maji ya ndoo. Daktari ameyaona hayo mara nyingi. Nenda.

Jiji lenyewe lina mitego yake. Joto la Desemba hadi Machi linakukausha bila wewe kujua, na damu ikikosa maji chembe zinashikana. Chupa ya lita moja na nusu isikosekane kwenye begi. Ukikojoa mkojo wa njano iliyokolea umechelewa kunywa. Utakojoa sana, figo zetu ndivyo zilivyo, kwa hiyo kaa karibu na mlango wa lekcha na usijinyime maji kwa kuogopa kuinuka. Mtego wa pili hawaufikirii wageni: baridi. Nani anakuja Dar na sweta? Wewe. Kiyoyozi cha maktaba kinapuliza shingoni kwa saa tano, na Julai asubuhi kipupwe kinapovuma ndipo UE, mitihani ya mwisho, za muhula wa pili zinapoanza. Mvua za masika zikikukuta kituoni, badili nguo kabla ya kuingia darasani hata kama utachelewa. Mhadhiri akikasirika, yataisha.

Malaria nayo. Utasikia hata wasomi wa baiolojia wakisema sikoseli inakinga malaria. Inayokinga ni kubeba kinasaba kimoja cha sikoseli, yaani AS. Sisi wa SS, wenye vyote viwili, malaria inatuua haraka kuliko wengine. Lala kwenye neti.

Kama umeandikiwa haidroksiyurea, imeze kila siku, pia siku unajisikia umepona kabisa. Haitulizi maumivu ya leo. Inapunguza ya mbele, na inachukua miezi kuonyesha kazi yake. Inataka vipimo vya damu kila baada ya muda, hivyo tarehe za kliniki ziandike juu ya ratiba ya vipindi kabla hujaandika kingine. Mwenye mpango wa kupata mtoto, wa kike au wa kiume, aongee na daktari kwanza. Foliki asidi ni bei ya pipi, usiiruke.

Watakuletea rozela, bitiruti, majani ya matembele yaliyochemshwa. Kunywa, ni vitamu na vina maji. Lakini zile chupa za “kuongeza damu” za duka la dawa zenye madini ya chuma usiziguse bila kuambiwa na daktari wako: damu yetu haipungui kwa kukosa chuma, na aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari anacho cha kuzidi, kinakaa kwenye ini na moyo. Kwa anayekushauri uache dawa kwa sababu ameota umepona, mwambie asante, endelea kumeza.

Kwenye masomo ushauri wangu ni mmoja tu wa maana: kosiwaku, yaani alama za kazi na majaribio ya katikati ya muhula, ndiyo mahindi yako ghalani. Pale kwetu ilikuwa 40, na UE 60. Wenzako wanaweza kuichezea wakategemea kukesha wiki ya mwisho. Wewe kukesha hakukuhusu, mwili unakudai siku inayofuata. Kazi ya kikundi ikitolewa, omba sehemu ya mwanzo, uimalize wiki ya kwanza, ili ukilazwa wiki ya tatu hakuna anayekununia. Rafiki mmoja mwenye mwandiko unaosomeka anatosha kwa noti. Ukitoka wodini usirudi darasani kesho yake, kichwa bado kina dawa, utakaa pale na usiambulie kitu.

Ukienda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, chagua mji wenye hospitali ya rufaa, hata kama wilayani posho inakaa vizuri zaidi.

Mapenzi sitasema mengi. Mwenzi wako apime. Akiwa AA, yaani hana kinasaba hicho, watoto wote watakibeba tu bila kuumwa. Akiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa mtoto mwenye ugonjwa. Mkijua mapema mnaamua mkiwa na akili timamu.

Mwisho ni mitihani. Ukiamka siku ya UE mwili unauma, amua kabla ya kuingia chumbani. Ukishaandika namba yako na kukaa, ni vigumu sana baadaye kuwashawishi kwamba ulikuwa mgonjwa. Utabaki na sapu (mtihani wa marudio), au udisko, yaani uondolewe chuo kabisa. Nenda kituo cha afya cha chuo, upate karatasi, ifike idarani siku hiyo hiyo kwa mkono wa CR, uombe mtihani maalumu. Simu kwa mhadhiri haitoshi hata kama ni mtu mwema, karatasi ndiyo inayoingia kwenye faili. Ikibidi kuahirisha mwaka mzima, ahirisha. Wenzako watatangulia kuvaa joho na utaumia, sikufichi. Fanya kwa maandishi, upate barua ya chuo inayokubali, na nakala moja umpelekee afisa mikopo kabla hujaondoka kwenda nyumbani, la sivyo ukirudi jina lako halitakuwa kwenye orodha ya bumu, pesa ya kujikimu ya mkopo, na utaanza muhula kwa kukopa nauli.