Kisima Kimechimbwa, Je, Nani Aliulizwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijijini kwetu tulichimbiwa kisima cha pampu ya mkono. Hakuna mwanamke aliyeulizwa kiwe wapi, nacho kikachimbwa mlimani, karibu na ofisi ya kijiji. Pampu ilipoharibika hakuna aliyejua vipuri vinapatikana wapi, na mama zetu wamerudi mtoni na ndoo zao. Katika taarifa ya mradi bado tunahesabiwa kuwa tumepata maendeleo. Je, fikra za Kiafrika hazina kipimo kingine cha ustawi wa mtu? *Msomaji, Ruvuma.*

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo kipo. Katika andiko lake Uhuru na Maendeleo, la mwaka 1968, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mtu wa nje anaweza kumjengea mwenzake nyumba, lakini hawezi kumjengea hali ya kujiamini na kujiona binadamu kamili, kwa kuwa hiyo mtu huijenga mwenyewe kwa kazi yake na kwa kushiriki katika maamuzi. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa mwaka 1971 ulikwenda mbali zaidi, ukahesabu kuwa ni maendeleo kila tendo linalowaongezea watu uwezo wa kuamua mambo yao, hata kama halikuwaletea afya bora wala shibe.

Nakujibu kwa uchungu, maana ni huko huko Ruvuma, Litowa, ambako wakulima walianzisha kijiji chao mwaka 1960, kikazaa umoja wa vijiji vilivyopanga kazi na kugawana mapato kwa uamuzi wa mikutano yao wenyewe. Mwaka 1969 TANU iliuvunja umoja huo. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, mamilioni wakahamishwa, na wapo walioona nyumba zao zikibomolewa. Hapo ndipo ninapoona pengo: fikra zile zilitaka jamii iamue, zikaacha wazi ni nani anayeisemea jamii.

Wanafalsafa wamelibishania jambo hili. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria aliandika mwaka 1984 kwamba utu hupatikana ndani ya jamii, na mtu anaweza kuukosa. Nasi husema vivyo hivyo tunaposema fulani hana utu. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, akisema kwamba akili na hiari ya mtu hazikutolewa na jamii, hivyo haki za mtu hazingoji idhini ya jamii. Mimi niko upande wa Gyekye, na sababu yangu ni mama yule mwenye ndoo: alikuwa na kauli kabla ya kamati yoyote kukaa.

Kwa kisima chenu, mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote, na kwa kawaida huitishwa kila baada ya miezi 3. Ombeni suala hilo liwe ajenda, nao wachotao maji waanze kusema: nani alichagua mahali, nani alipaswa kufundishwa matengenezo, na kisima kingine kikichimbwa, kiwe wapi.