Viwanda vya vyakula na vinywaji Dodoma: anzeni na maji, kiwanja kitafuata

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mmekaa kikundi cha wenyeji wa Dodoma kuishauri halmashauri, ardhi ipo tele, mnataka viwanda vya vyakula na vinywaji vije, na mnabishana kati ya kutoa viwanja bure, kusamehe tozo, au kufanya kongamano kubwa la uwekezaji. Mimi si mchumi. Nimefanya kazi miaka 16 kwenye viwanda vya juisi na maji ya chupa Dar es Salaam na Pwani, nikianza fundi wa zamu hadi kusimamia uzalishaji, na mara mbili tajiri alinichukua kwenda kutafuta mahali pa kuhamishia kiwanda. Kwa hiyo nitakujibu kutoka upande wa yule mnayetaka aje.

Safari ya kwanza tulipokelewa na halmashauri moja kwa heshima zote. Magari manne, mkurugenzi mwenyewe yupo. Tulipofika porini afisa ardhi akatandaza ramani juu ya boneti, akatuonesha vitalu na barabara itakapopita, akasema bei tutaelewana. Tajiri yangu hakuitazama ile ramani. Aliomba kikombe cha maji kutoka kisima cha shule ya jirani, akatoa mfukoni kipimo cha chumvi, kile kidogo kama kalamu, akakichovya. Kikasoma 2,300, chumvi nyingi mno kwa kinywaji. Akaonja kidogo, akatema pembeni. Halafu akauliza, "Na majitaka yangu yataelekea wapi?" Afisa akanyoosha mkono kwenye bonde, na bondeni tulikuwa tunaona watu wanapandikiza mpunga. Tajiri akashukuru, tukaondoka. Mpaka tunaingia Mbezi alikuwa amesema neno moja tu: "Hawa wana ardhi peke yake."

Ndiyo maana naanza na maji. Lita moja ya soda inakula kama lita mbili za maji, bia inaweza kula kati ya 3 na 6, kwa sababu maji mengi hayaingii kwenye chupa: yanaosha matangi, yanapoza mitambo, yanatoa mvuke, yanasafisha sakafu kila zamu. Maji yakiwa na chumvi nyingi, mtambo wa kuyachuja unamwaga sehemu kubwa ya kile unachovuta kisimani, na umeme unaulipia wote. Mwenye kiwanda hapigi hesabu ya bei ya kiwanja, maana hiyo anailipa mara moja. Anapiga hesabu ya lita, anayoilipa kila siku kwa miaka 20.

Nilijifunza hili vizuri mwaka 2022. Wakati ule Dar na sehemu ya Pwani zilikuwa zinategemea lita milioni 466 kwa siku, milioni 270 kutoka mtambo wa Ruvu Chini na 196 kutoka Ruvu Juu. Oktoba ile mto Ruvu ulipungua kwa ukame, uzalishaji ukashuka hadi kama milioni 300, mgao ukatangazwa jiji zima. Sisi tukaanza kununua maji ya maboza. Nilikuwa nakaa getini na daftari na chupa za sampuli, kila boza lazima lipimwe kabla ya kumwaga. Siku moja nilifungua mfuniko wa boza nikakutana na harufu ya dizeli. Nikalirudisha. Dereva akalalamika kwamba amesimama foleni tangu saa tisa usiku, na alikuwa anasema kweli. Siku hiyo laini mbili kati ya tatu zilisimama, vibarua 60 wakarudi nyumbani bila posho. Wale vibarua hadi leo nawakumbuka, kwa sababu kiwanda kikikosa maji wanaoumia kwanza ni wao.

Sasa Dodoma. Wenyeji mnajua chumvi inavyoganda kwenye birika. Mji umeishi miaka mingi kwa visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na tangu serikali ihamie watu wanaongezeka kila mwezi. Mipango ipo ya bwawa la Farkwa na ya kuleta maji ya Ziwa Victoria. Nakusihi sana, msiiuze mipango hiyo kwa mwekezaji kana kwamba bomba tayari linatiririka. Atauliza mwaka na kipenyo cha bomba, na mkibabaika hapo hatawaamini hata kwenye yale mliyonayo kweli. Nendeni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, mpate barua inayosema: eneo hili tunaweza kulipatia lita kiasi fulani kwa siku, kiangazi na masika, na haya ndiyo majibu ya maabara. Barua ya namna hiyo, hata kama kiasi ni kidogo, ina nguvu kuliko kongamano.

Upande wa pili wa maji ndio wanaousahau wengi, yaani yanapotoka. Majitaka ya kiwanda cha juisi ukiyaona unaweza kudhani si hatari, yana rangi ya embe na yananukia vizuri siku ya kwanza. Siku ya tatu yananuka kama choo. Ile sukari ndani yake inaliwa na vijidudu, vijidudu vinamaliza hewa ya maji, samaki wanaelea. Ongeza magadi makali na asidi tunazooshea matangi. Kila kiwanda kikiambiwa kijenge mabwawa yake ya kusafishia, mkubwa atajenga, mdogo atapitisha bomba usiku hadi korongoni, wananchi watalalamika, NEMC, baraza la mazingira, watafunga, na sifa ya eneo itakuwa imeharibika. Nikiambiwa leo nichague kati ya kiwanja cha bure kisicho na pa kupeleka majitaka, na kiwanja cha kulipia chenye mabwawa ya pamoja ambayo nalipia kwa ujazo, nachagua cha pili bila kufikiri. Hapo ndipo fedha ya halmashauri ingekwenda.

Kuhusu umeme nitakuwa mfupi kidogo. Watu wanadhani tatizo ni umeme kuwepo au kutokuwepo. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe Februari 2024, na lile bwawa uwezo wake ni megawati 2,115, nchi ina umeme wa kutosha kuliko zamani. Kinachotuua ni kuyumba. Mtambo wa kujaza juisi ya boksi, ile inayokaa miezi bila friji, unalinda usafi wake wenyewe. Umeme ukicheza sekunde mbili tu unahesabu kuwa usafi umepotea na unasimama. Inabidi kuosha na kuchemsha upya, saa tatu au nne, ndipo ujaze boksi la kwanza. Wakati wa mgao wa 2023 kuna wiki nilirudia kazi hiyo mara tisa. Kwa hiyo msiishie kumwambia mwekezaji kwamba nguzo zimefika. Ombeni TANESCO laini ya msongo wa kilovoti 33 inayotoka moja kwa moja kituo cha kupozea umeme hadi eneo la viwanda, isiyochangiwa na mashine za kusaga na mitaa 10 njiani.

Halafu lipo suala la kuchagua nani wa kumfuata. Si kila kiwanda kinafaa Dodoma, na kumfukuzia kila mtu ni kupoteza nauli. Vinywaji ni maji, na maji ni mazito, kwa hiyo wajazaji hukaa karibu na wanywaji: ndiyo maana soda ileile inajazwa Mikocheni, Moshi na Mwanza. Vile vinavyotegemea ngano, sukari ya viwandani na juisi nzito kutoka nje vitaendelea kukaa karibu na bandari. Bakhresa kiwanda chake cha vinywaji alikiweka Mwandege, Mkuranga, pembeni tu ya Dar yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022. Mkoa wenu ulihesabiwa 3,085,625, si haba, lakini wengi wametawanyika vijijini.

Ninyi nguvu yenu ni mazao yanayoharibika au yanayopungua uzito njiani. Alizeti mnayo, na jirani yenu Singida anayo pia; ukikamua huku unasafirisha mafuta badala ya kusafirisha maganda. Na zabibu! Zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na ushuru wa bidhaa ni mdogo kwa mvinyo unaotumia zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75. Nilikwenda Hombolo na Mpunguzi miaka michache iliyopita kuangalia kama tunaweza kununua mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kwa ajili ya juisi. Mama mmoja alinifungulia tangi la plastiki nyuma ya nyumba, mchuzi wa msimu uliopita, umeanza kuwa siki. Alikuwa bado anatafuta mnunuzi. Aliniuliza, "Baba, huu nao si utafaa kidogo?" Haukufaa, na kumwambia hivyo ni kati ya vitu vigumu nilivyowahi kufanya kazini. Mkiwa na matangi ya baridi ya pamoja, hata machache, mwenye kiwanda ataona malighafi ya mwaka mzima badala ya wiki chache za mavuno, na mama yule atauza.

Jambo jingine, maeneo. Nala pana kiwanda kikubwa cha mbolea cha ITRACOM, na ni jambo jema kwa wakulima. Ila mwenye kiwanda cha chakula akifika atauliza upepo unavuma kutoka wapi na jirani anatengeneza nini, kwa sababu vumbi na harufu vinaingia kwenye unga na maziwa. Tengeni eneo la chakula peke yake tangu kwenye ramani, upande upepo unakotokea.

Vibali sitavisema sana. Tangu 2019 usimamizi wa chakula umetoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango, na hilo limepunguza mzunguko, lakini bado kuna OSHA wa usalama kazini, Zimamoto, NEMC, Wakala wa Vipimo na wengine. Wekeni mtu mmoja, mwenye simu inayopokelewa, anayemshika mkono mwekezaji ofisi hadi ofisi.

Na kabla ya kutafuta mgeni, kaeni na walio tayari hapo: wakamuaji wa alizeti, wa mvinyo, wa unga, wa maji ya chupa. Tajiri yangu kwenye ile safari ya pili, kabla hatujazungumza na ofisi yoyote, alisimama kwa mwenye tanuri la mikate kwenye mji tuliokwenda kuutazama, akanunua mikate miwili, akamuuliza maji yanakatika mara ngapi kwa wiki na wakaguzi wanakuja wangapi. Waliongea nusu saa. Mwenye mikate akasema ana shida zake, ila akipiga simu halmashauri wanakuja siku hiyohiyo. Tulijenga pale.

Kama mtaanza wiki hii, chukueni sampuli za maji kwenye kila kisima cha eneo mnalolifikiria, mzipeleke maabara inayotambulika, kisha mrudie mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba, maji yakiwa chini kabisa. Pimeni pia kisima kinarudisha maji kwa muda gani baada ya kuvutwa saa 24 mfululizo. Majibu yakitoka yabandike hapahapa kwenye uzi, nitayasoma na nitakuambia ni kiwanda cha aina gani kinaweza kuishi nayo.